Kuihamisha ofisi ya unukuzi wa kitabibu kutoka kaseti hadi imla ya kidijitali

Katika ofisi ya unukuzi wa kitabibu, ambapo imla (sauti aliyoirekodi daktari) huchapwa kuwa ripoti, kaseti ina sifa moja ambayo faili ya sauti haina: inaonekana. Ikiwa kwenye trei ya kuingilia, kila anayepita anajua kuna kazi inasubiri. Ikiwa ndani ya mashine ya mnukuzi, inajulikana iko mikononi mwa nani. Ikirudi kwenye bahasha ya daktari, imekwisha. Hakuna aliyehitaji kuuandika utaratibu huo, kwa sababu macho ya watu yalitosha.

Siku ofisi inapohamia kwenye faili, macho hayo hayana tena cha kuona. Faili inaweza kulala kwenye kinasa sauti cha daktari siku tisa, ikanakiliwa mara mbili, ikafunguliwa na wanukuzi wawili kwa wakati mmoja, au ikapotelea kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, na meza zote zikabaki safi kana kwamba hakuna deni. Nimeshiriki kuhamisha ofisi ya namna hii. Vifaa vilituchukua siku mbili. Kujua kila sauti iko wapi kulituchukua miezi, na katika miezi hiyo kulikuwa na wagonjwa waliosubiri barua za rufaa ambazo sisi tulidhani bado hazijasemwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na safari ya sauti. Ununuzi utafuata.

Hatua ya 1: Ifuate kaseti moja kwa wiki nzima

Chukua daftari. Chagua kaseti chache za aina mbalimbali za kazi: barua ya rufaa, ripoti ya upasuaji, ripoti ya picha za eksirei, muhtasari wa mgonjwa anayeruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa kila moja andika ni nani aliyeisema, akiwa wapi, nani aliileta, ilikaa wapi na kwa muda gani, nani aliichapa, nani aliihakiki, na lini karatasi ilirudi ikiwa na saini. Usiandike inavyopaswa kuwa. Andika ilivyokuwa.

Utakutana na mambo ambayo hayamo katika maelezo ya kazi ya mtu yeyote. Kuna kikaratasi kilichobandikwa juu ya kaseti chenye neno HARAKA. Kuna muuguzi anayepiga simu kusema mgonjwa wa tatu kwenye upande wa pili ashughulikiwe kwanza kwa kuwa gari linamsubiri. Kuna mnukuzi mmoja anayeielewa lafudhi ya daktari fulani, na kaseti za daktari huyo humfikia yeye bila mtu kuagiza. Mambo haya matatu ni kipaumbele, maelekezo ya ziada na mgawanyo wa kazi. Faili haina mahali pa kubandikia kikaratasi, kwa hiyo kila kimoja lazima kipewe makazi mapya, la sivyo kitapotea siku ya kwanza.

Kisha pima. Dakika ngapi za imla huingia kwa siku, na siku iliyo nzito kuliko zote ina ngapi? Kazi hurudi baada ya saa ngapi? Saa moja ya sauti hula saa ngapi za uchapaji? Mara nyingi ni tatu au nne, na huzidi pale mzungumzaji anapokimbiza maneno au anapotoa imla huku akitembea ukumbini. Lakini pima kwenu, kwa sababu namba hizi ndizo utakazolinganisha nazo baada ya miezi mitatu, mtu akikuuliza kama mabadiliko yalisaidia.

Hatua ya 2: Jenga foleni kabla ya kununua kinasa sauti

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko popote.

Foleni ni orodha moja tu, inayoonekana na kila anayehusika, ambamo kila sauti ina hali yake: imepokelewa, imegawiwa, inachapwa, inahakikiwa, imerudishwa kwa daktari, imefungwa. Ofisi ya wanukuzi wawili au watatu inaweza kuanza na jedwali la kwenye kompyuta. Ikizidi hapo, tumia programu iliyotengenezwa kwa ajili ya imla, mfano ODMS iliyoanzishwa na Olympus au SpeechExec ya Philips, ambayo hubadilisha hali yenyewe mnukuzi anapofungua na kumaliza kazi, na humfungia mwingine asiifungue faili ileile. Jedwali hutegemea mtu akumbuke kuandika, na mtu aliyechoka hakumbuki.

Kila faili ipewe jina kwa kanuni isiyobadilika. Anza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, ili kompyuta izipange zenyewe. Kisha namba ya daktari. Kisha kifupi cha aina ya kazi. Kisha namba ya mfululizo. 2025-03-14_D07_UPA_0112 ni ripoti ya upasuaji ya daktari wa saba, imla yake ya 112. Jina la mgonjwa lisiingie kabisa kwenye jina la faili. Jina la faili huonekana kwenye barua pepe, kwenye skrini iliyoachwa wazi, kwenye kumbukumbu za seva, mahali ambapo hata usimbaji fiche (kuigeuza faili isisomeke bila ufunguo) haupazibi.

Sasa angalia ile namba ya mwisho. Vinasa sauti vya kitaalamu huipa kila imla utambulisho wa mzungumzaji na namba inayopanda moja moja, na hiyo ni zawadi ambayo ofisi nyingi huitupa kwa kubadilisha majina ovyo. Ukipokea 0112 na 0114 kutoka kwa D07, unajua siku hiyohiyo kwamba 0113 haijafika. Pengine daktari aliifuta kwa kuwa alikosea. Pengine imebaki ndani ya kifaa. Vyovyote vile, unapiga simu leo, akiwa bado anamkumbuka mgonjwa. Kipindi kile cha kaseti ungegundua baada ya wiki mbili, familia ya mgonjwa ilipokuja kuuliza.

Mteue mtu mmoja mwenye jina la kulinda foleni. Asubuhi na jioni afanye hesabu: madaktari wametuma ngapi, tumepokea ngapi, ngapi zimefungwa, na ipi imekaa muda mrefu kuliko zote na kwa nini. Swali la mwisho ni muhimu kuliko wastani. Wastani unaweza kuwa mzuri huku ripoti moja ya saratani ikiwa imesahaulika chini ya orodha.

Hatua ya 3: Chagua mlango wa sauti

Kuna milango minne ya kawaida. Kinasa sauti cha mkononi humfaa daktari anayetembea wodini. Maikrofoni ya kushika mkononi iliyounganishwa na kompyuta, kama SpeechMike ya Philips, humfaa mtaalamu wa eksirei au wa maabara ambaye hutoa imla akiwa amekaa, na faili huingia kwenye foleni papo hapo bila kwanza kuhamishwa kutoka kwenye kifaa. Programu ya kwenye simu janja hutuma sauti kutoka popote palipo na mtandao. Na kuna mfumo wa kupiga namba ya simu na kuongea, ambao hauhitaji kifaa kipya hata kimoja, ingawa ubora wa sauti ya simu ni wa chini na hilo utaliona katika idadi ya nafasi tupu kwenye ripoti.

Usilazimishe mlango mmoja kwa kila mtu, lakini usifungue yote minne. Miwili inatosha ofisi nyingi.

Neno moja kuhusu vinasa sauti vya mkononi. Kaseti ndogo za Olympus zilitoka mwaka 1969, na madaktari wengi waliozitumia wamefundisha kidole gumba chao kusukuma swichi juu na chini: rekodi, simama, sikiliza, rudi nyuma. Vipo vinasa sauti vya kidijitali vyenye swichi hiyohiyo ya kuteleza, na vipo vya vitufe vya kubonyeza. Mpe daktari mzoefu kifaa cha swichi. Ataanza kufanya kazi siku hiyohiyo. Ukimpa cha vitufe, atalazimika kukiangalia kila mara, na daktari anayeangalia kifaa hamwangalii mgonjwa.

Hakikisha pia kifaa kinaruhusu kuingiza maneno katikati ya imla bila kufuta yanayofuata. Kwenye kaseti hili halikuwezekana. Ulirekodi juu ya ulichosema, au ulisema mwishoni "rudi kule juu uongeze". Hii ndiyo faida ambayo daktari huiona haraka zaidi, na ndiyo ninayoitanguliza ninapozungumza na yule asiyetaka kubadilika.

Hatua ya 4: Aina ya faili

Hapa pasikupotezee muda. Fomati ya DSS, iliyosimamiwa na Olympus, Philips na Grundig, ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu tu, na saa moja yake katika ubora wa kawaida ni kama megabaiti 6. Mrithi wake, DS2, huchukua takriban megabaiti 13 kwa saa katika ubora wa juu, na huweza kusimbwa kwa fiche ya AES ya biti 128 au 256 ndani ya kinasa sauti chenyewe. WAV, fomati isiyobana sauti, ya sampuli 16,000 kwa sekunde, biti 16, chaneli moja, ni megabaiti 115 kwa saa. Ukiacha kifaa kirekodi kwa ubora wa muziki wa sidii, chaneli mbili, utafika megabaiti 635 kwa saa bila ripoti kuwa bora hata kwa neno moja.

Kwa mtandao wa polepole, DS2. Kama unapanga kutumia baadaye programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, uliza kwanza inapokea fomati gani, kwa kuwa nyingi hupendelea WAV au faili ambayo haijabanwa sana. Usibadilishe fomati mara mbili njiani. Kila mgeuko unaobana sauti hula konsonanti, na konsonanti ndizo zinazotenganisha dawa na dawa.

Hatua ya 5: Siri ya mgonjwa

Sauti ya daktari ikitaja jina, namba na ugonjwa wa mtu ni taarifa ya kitabibu sawasawa na faili la karatasi lililofungiwa kabatini. Sheria zinalitambua hilo: Marekani ina HIPAA ya mwaka 1996, Umoja wa Ulaya una GDPR inayotumika tangu 2018, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jua ni ipi inakubana, na kama wateja wako wako nchi nyingine, jua na ya kwao. Chini ya GDPR, kwa mfano, hospitali hupewa saa 72 kuiarifu mamlaka tangu ijue taarifa zimevuja. Hivyo mkataba wake na wewe utakutaka uiambie mapema zaidi ya hapo, na huwezi kuiambia mapema jambo ambalo hukuwa na njia ya kuligundua.

Kwa vitendo, yafuatayo hayana mjadala. Faili isimbwe ikiwa kwenye kifaa, ikiwa njiani na ikiwa imehifadhiwa. Kila mnukuzi awe na akaunti yake mwenyewe na uthibitishaji wa hatua mbili. Nenosiri la ofisi nzima lililobandikwa ukutani ni sawa na kutokuwa nalo. Mfumo uandike nani alifungua nini na saa ngapi. Kinasa sauti kiwe na namba ya siri, kwa sababu kitasahaulika kwenye teksi. Faili ifutwe kwenye kifaa baada tu ya seva kuthibitisha kuwa imepokea, na ifutwe kwenye seva baada ya muda uliokubaliwa kwenye mkataba.

Na hakuna sauti ya mgonjwa kupitia WhatsApp wala barua pepe binafsi, hata mara moja, hata kama daktari ndiye anayeomba na yuko haraka. Najua ugumu wa kumkatalia. Wakati mwingi anaomba hivyo kwa sababu njia uliyompa imekwama, kwa hiyo mshukuru, pokea maelezo ya hitilafu, na mpe njia ya dharura iliyo salama, kama ile ya kupiga simu. Ukimnyima njia zote, ataitafuta mwenyewe.

Hatua ya 6: Meza ya mnukuzi

Pedali ya mguu ya mashine ya kaseti haitaingia kwenye kompyuta. Nunua za USB, na uzijaribu na programu yenu kabla ya kununua nyingi, maana si kila pedali inasikilizana na kila programu. Kisha panga kurudi nyuma: mnukuzi anapoachia pedali na kuikanyaga tena, sauti irudi sekunde moja au mbili. Kila mtu ana kipimo chake, mwachie achague. Kasi ya sauti ipungue bila sauti kuwa nzito; programu nzuri huweza hilo, kaseti haikuweza.

Spika za masikioni ziwe nyepesi na zinazozunguka sikio bila kulibana. Mtu anazivaa saa saba kwa siku. Kuokoa fedha hapa ni kuhamishia gharama kwenye masikio ya mtu mwingine.

Violezo vya ripoti na vifupisho vya uchapaji vitayarishwe na wanukuzi wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua daktari yupi husema sentensi ileile katika kila ripoti.

Hatua ya 7: Wafundishe madaktari, kwa muda mfupi na ana kwa ana

Dakika kumi na tano, akiwa ameshika kifaa chake, mahali anapofanyia kazi. Mkutano wa ukumbini wenye slaidi utawapata nusu yao, na nusu hiyo itasahau. Mambo ya kumfundisha ni machache.

Abonyeze rekodi, ahesabu moja kimoyomoyo, ndipo aongee. Vifaa vya kidijitali huchukua kitambo kidogo kuamka, na neno la kwanza hukatwa. Mara nyingi neno hilo la kwanza ni "hana". Ripoti inayosema mgonjwa mwenye mzio wa penisilini, wakati daktari alisema hana, inatosha kumweleza mtu yeyote kwa nini tunangoja.

Aanze kila imla kwa mpangilio uleule: "Daktari namba saba, ripoti ya upasuaji, mgonjwa namba nne nne moja sifuri mbili, tarehe ya upasuaji ni kumi na nne." Imla moja, mgonjwa mmoja, faili moja. Hili la mwisho ni gumu kwa waliozoea kaseti, ambapo wagonjwa kumi walifuatana kwenye mkanda mmoja. Lakini faili yenye wagonjwa kumi haiwezi kupewa kipaumbele, haiwezi kugawanywa, na ikipelekwa kwa mtu asiyehusika imevuja siri za watu kumi.

Maikrofoni iwe pembeni kidogo ya mdomo, upana wa kiganja kutoka usoni, ili pumzi isiipige. Ataje herufi za majina ya watu. Namba azirudie tarakimu kwa tarakimu, hasa akitoa imla kwa Kiingereza, ambapo 15 na 50 hufanana sikioni na tofauti yake ni zaidi ya mara tatu ya dozi. Maneno pacha yapo mengi: dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia ni shida ya lugha, ileum ni sehemu ya utumbo, ilium ni mfupa wa nyonga, hydralazine hushusha shinikizo la damu, hydroxyzine hutuliza mwasho na wasiwasi. Mwombe atamke taratibu akifika hapo. Hatakasirika ukimwonyesha mfano kutoka kwenye ripoti zake mwenyewe, kwa faragha.

Na mwisho aseme "mwisho wa imla". Bila maneno hayo, mnukuzi hawezi kujua kama daktari amemaliza au betri ndiyo iliyokwisha.

Hatua ya 8: Jaribio dogo, kisha tarehe

Chagua madaktari wawili. Kishawishi ni kumchagua yule anayependa vifaa vipya, lakini yeye atasamehe kila hitilafu na hutajifunza lolote. Mchukue mmoja wa namna hiyo, na mwingine mwenye kazi nyingi, asiye na subira. Malalamiko ya huyu wa pili ndiyo orodha yako ya kazi.

Kwa wiki mbili, wao watoe imla ya kidijitali tu, na wengine wote wabaki na kaseti. Usimwambie daktari arekodi kote kuwili. Hatafanya, na akifanya utachapa ripoti mara mbili. Kila jioni keti na wanukuzi robo saa: nini kilikwama, faili ipi ilichelewa kupanda, wapi sauti ilikatika. Rekebisha kesho yake. Linganisha na namba za hatua ya kwanza.

Jaribio likitulia, tangaza tarehe ya mwisho ya kaseti na uishike. Wahamishe waliobaki kwa vikundi, idara moja baada ya nyingine, lakini usiruhusu njia mbili ziendelee sambamba kwa miezi. Hapo ndipo kazi hupotea, kwa kuwa kila upande hudhani iko upande mwingine. Mashine moja ya kaseti iliyo nzima ibaki, kwa ajili ya kaseti zitakazochomoza kutoka kwenye mifuko ya makoti. Zitachomoza.

Hatua ya 9: Ubora, na mashine zinazochapa zenyewe

Kanuni ya zamani inabaki: usichosikia, usikikisie. Acha nafasi tupu na uandike dakika na sekunde ya sauti mahali hapo. Kwa faili, mhakiki au daktari hubofya akafika palepale, jambo ambalo kwenye kaseti lilihitaji kurudisha mkanda na kubahatisha. Hesabu nafasi tupu kwa kila daktari kila mwezi; zikipanda ghafla, kwa kawaida maikrofoni imeziba au ameanza kutolea imla mahali penye kelele. Pia mkubaliane uandishi wa dozi: 1 mg, kamwe si 1.0 mg, kwa sababu nukta isiyoonekana vizuri huifanya kumi.

Ukishakuwa na sauti safi ya kidijitali, mtu atakuja kukuuzia programu inayogeuza sauti kuwa maandishi bila mnukuzi. Zimekuwa nzuri mno, na zitumie ukiweza. Ila kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la JAMA Network Open, uliochunguza nyaraka 217 za kitabibu. Maandishi yaliyotoka moja kwa moja kwenye mashine yalikuwa na makosa kwa asilimia 7.4 ya maneno. Baada ya wanukuzi kuyapitia, makosa yalishuka hadi asilimia 0.4. Programu zimeboreka tangu wakati huo, lakini za kizazi kipya zina hatari nyingine: mahali ambapo mzungumzaji amenyamaza, zinaweza kubuni sentensi kamili, zenye sarufi safi, ambazo hakuna aliyezisema. Kosa la zamani lilionekana kwa jicho kwa kuwa halikuleta maana. Hili jipya linaleta maana. Mhariri lazima asome huku akisikiliza sauti, mwanzo hadi mwisho.

Hapo panaingia suala la malipo, na naomba lishughulikiwe mapema. Ofisi nyingi hulipa kwa mstari, na kipimo kilichozoeleka katika tasnia ni mstari wa herufi 65 pamoja na nafasi. Ukimhamisha mnukuzi kutoka kuchapa kwenda kuhariri na ukakata bei ya mstari kwa nusu kabla ya kupima, unaweza kumfanya afanye kazi ngumu zaidi kwa kipato kidogo, kwani ripoti ya daktari asiyeeleweka na mashine huchukua muda mrefu kuihariri kuliko kuichapa upya. Pima mwezi mzima, kwa kila daktari, ndipo mkae mzungumze bei. Na mruhusu mnukuzi aitupe rasimu ya mashine na kuchapa mwenyewe, kwa bei ya kuchapa, pale anapoona haifai. Wanukuzi wenu wana miaka ya masikio ambayo hainunuliki dukani. Wakiondoka kwa hasira katikati ya mabadiliko, hakuna kifaa kitakachoziba.

Hatua ya 10: Siku mfumo utakapozimika

Juni 2017, shambulio la programu hasidi ya NotPetya liliiangusha kampuni ya Nuance, wakati huo mmoja wa watoaji wakubwa wa huduma za unukuzi wa kitabibu duniani, na hospitali zilizoitegemea zikakaa wiki kadhaa zikitafuta njia nyingine za kuandika ripoti. Kama kampuni ya ukubwa huo ilianguka, jipange mapema kwa siku yako.

Weka nakala tatu za kila faili hai, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine ambapo haijaunganishwa na mtandao wa ofisi. Mara moja kwa mwezi chukua faili tano ovyoovyo kutoka kwenye nakala ya akiba, uzifungue na uzisikilize. Andika kwenye karatasi moja, ichapishwe na ibandikwe: umeme ukikatika, mtandao ukikatika, seva ikikatika, nani anampigia nani, na kinasa sauti kinaweza kubeba saa ngapi za imla kabla hakijajaa. Vifaa vya siku hizi hubeba nyingi, kwa hiyo daktari anaweza kuendelea kuongea siku nzima bila mtandao. Mwambie hivyo mapema, asije akarudi kwenye kalamu na karatasi ambazo hutaziona kamwe.

Hatua ya 11: Kaseti za zamani

Zitabaki kwenye makasha, na kila moja ina sauti za watu. Usizitupe na usizigawe. Kwanza angalia kwenye foleni au kwenye daftari kwamba kila ripoti yake imesainiwa. Zilizo na ripoti zisizo na saini zirudi kwa mnukuzi, kwenye ile mashine moja uliyoibakiza. Kisha uliza mkataba: baadhi ya wateja hutaka kaseti zirudishwe kwao, wengine hutaka ziharibiwe mbele ya shahidi. Kurekodi juu yake hakutoshi. Futa kwa sumaku yenye nguvu ya kazi hiyo au ukatekate mkanda wenyewe, watu wawili wakiwepo, na waandike tarehe, idadi ya kaseti, namna zilivyoharibiwa na majina yao mawili. Karatasi hiyo iingie kwenye faili la mkataba wa kila mteja, nakala yake itumwe hospitalini siku hiyohiyo.